Mlaji wa Busia Apimiwe Sawa na Mlaji wa Ulaya

Hotuba kwa wafanyabiashara na wanunuzi wa mji wa Busia, Uganda, katika wiki ya Siku ya Usalama wa Chakula Duniani

Mheshimiwa mwenyekiti wa soko, viongozi wa manispaa, maafisa wa afya na wa viwango mliofika, wazee wetu, akina mama wa sokoni, vijana wa bodaboda na wa mikokoteni, na majirani zetu mliovuka kutoka upande wa Kenya: salaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za mchana.

Nimepewa nafasi hii nizungumzie hofu waliyonayo walaji kuhusu vyakula vinavyotoka nje. Mimi ni mfanyabiashara wa vyakula. Nauza mchele, sukari, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, maziwa ya unga na nyanya za kopo, na sehemu kubwa ya hivyo imevuka mpaka kabla ya kufika kwenye rafu zangu. Jioni napika hivyo hivyo nyumbani kwangu. Hofu yenu naijua kutoka pande zote mbili za kaunta.

Na hakuna hapa anayeweza kusema kwamba yeye hali vya nje. Chukueni rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, ambayo tunamwonyesha kila mgeni kuwa ni chakula chetu. Mayai ni yetu, nyanya na kitunguu huenda ni vyetu, lakini ngano ya ile chapati kwa kawaida imekuja kwa meli mpaka Mombasa, na mafuta iliyokaangiwa mara nyingi ni mawese ya Malaysia au Indonesia. Kitunguu saumu cha mchuzi kimetoka China. Tufaha la mgonjwa hospitalini limetoka Afrika Kusini. Tusidanganyane kwamba tutafunga mpaka tule matoke na mihogo. Suala ni nani anavipima hivi vinavyoingia, anavipima lini, na matokeo anamwambia nani.

Nianze na mchele wa plastiki, kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Video mmeziona. Mtu anafinyanga wali, anaurusha sakafuni, unadunda, basi nyumba nzima inaacha kula. Ndugu zangu, wali una wanga. Ukiufinyanga ukiwa umeiva vizuri unashikana na unadunda, uwe umelimwa Kibimba, Mbeya au Pakistan. Plastiki haifyonzi maji wala haivimbi sufuriani kama punje ya mchele. Desemba 2016 forodha ya Nigeria ilikamata magunia 102 mjini Lagos, na habari zikaenea dunia nzima kwamba plastiki imepatikana. Mamlaka yao ya chakula na dawa ilipoupima ule mchele haikukuta plastiki. Ilikuta vijidudu vya maradhi kupita kiwango, na mchele haukufaa kuliwa.

Hapo naomba tukae kidogo. Mchele ulikuwa mbaya kweli, ila si kwa ubaya uliosemwa. Watu walibaki wanabishana kuhusu plastiki, na wachache sana waliouliza ulikuwa umehifadhiwa wapi hata ukafikia hali ile. Hofu iliyoelekezwa pasipo ni hatari kama kutokuwa na hofu kabisa. Mama anaukataa mchele safi kwa sababu umedunda, halafu duka la pili ananunua karanga zilizoota ukungu kwa sababu ni za nyumbani na bei iko chini.

Na matufaha ni hivyo hivyo. Mnaona linang'aa, linakaa wiki kadhaa haliozi, mnasema limepakwa dawa ya maiti. Lile linalong'aa ni nta inayoruhusiwa kuliwa, na kule lilikotoka limekaa kwenye ghala la baridi lenye oksijeni kidogo, ndiyo maana linachelewa kuzeeka. Lioshe vizuri kwa maji safi, umpe mtoto.

Sasa nije kwenye yale yanayostahili kutunyima usingizi.

Machi 2019, Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi yetu. Akina mama wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo walikuwa wanapewa unga wa uji uliochanganywa mahindi, soya na vitamini, chakula cha msaada kilichogawiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Watu wakaanza kuchanganyikiwa akili, kusema maneno yasiyoeleweka, kutapika, kuona vitu ambavyo havipo. Takriban watu 300 waliugua na 5 wakafariki. Ugawaji ukasimamishwa, sampuli zikapelekwa maabara, na ikabainika kwamba ndani ya unga kulikuwa na sumu ya mmea wa mranaha. Mranaha ni gugu. Hata kwetu unaota kando ya barabara, tunda lake lina miiba na mbegu zake ni ndogo. Likiota katikati ya shamba la soya na mashine ikavuna vyote pamoja, mbegu zile zinaingia kwenye mzigo. Unga ule ulikuwa umetengenezwa Uturuki.

Nalisema hili taratibu kwa sababu kila kitu ambacho sisi huwa tunakiangalia kilikuwepo. Mfuko ulikuwa safi, maandishi yalisomeka, tarehe ilikuwa haijapita, na aliyeleta ni shirika ambalo dunia nzima inaliheshimu. Hakuna mama wa Karamoja ambaye angeweza kuuangalia ule unga, kuunusa au kuuonja akajua. Sumu ya namna hiyo inaonwa na maabara peke yake. Kwa hiyo mtu asije akatwambia kwamba mlaji mwenyewe ajihadhari. Mlaji anajihadhari na kopo lililovimba, na samaki anayenuka. Kwa yaliyojificha ndani ya chakula anamtegemea anayepima.

Miaka 11 kabla ya hapo, China, maziwa ya watoto yalitiwa melamini, kemikali ya viwanda vya plastiki, ili maziwa yaliyoongezwa maji yakipimwa yaonekane yana protini ya kutosha. Watoto karibu 300,000 waliugua figo, na 6 wakafa. Mwaka ulikuwa 2008. Angalieni jinsi ule wizi ulivyofanyika: waliokuwa wanaiba walikijua kipimo kinachotumika, wakatia kitu cha kukidanganya kipimo chenyewe. Ndiyo maana siridhiki nikiambiwa tu kwamba mzigo una cheti. Nataka kujua cheti kilitafuta nini.

Halafu kuna sumukuvu, ile wataalamu wanayoiita aflatoksini. Inatoka kwenye ukungu unaoshika mahindi, karanga na mtama visipokauka vizuri. Haina harufu wala ladha, na ukipika posho, yaani ugali, saa nzima haiondoki. Ikiwa nyingi inaua kwa siku chache, ikiwa kidogo kila siku inaleta kansa ya ini. Mwaka 2004, huko Makueni na Kitui na wilaya za jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mahindi yenyewe yalikuwa ya huko huko, yamehifadhiwa na unyevu majumbani. Nasema hivi ili tusijenge tabia ya kuona kwamba hatari ni ya mgeni na usalama ni wa kwetu.

Kwa sababu na sisi ni wageni sokoni kwa wenzetu. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania, ikisema yamezidi kiwango cha sumukuvu. Wengi wenu mlikuwa kwenye foleni ya malori hapa. Tulikasirika, tukasema ni siasa. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti: mfanyabiashara asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha kuonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Mwaka 2023 Sudan Kusini nayo ikayashikilia malori ya mahindi na unga kutoka kwetu kwa sababu ile ile. Tukakasirika tena.

Mimi nina swali ambalo sikulisikia likiulizwa katika hasira zile. Yale mahindi yaliyokataliwa, yaliliwa na nani? Lori likirudishwa haliendi kumwaga mzigo mtoni. Linarudi, linatafuta mashine ya kusaga, na ule unga unauzwa kwa watu ambao hawana wa kuwazuilia. Kiwango cha sehemu 10 katika bilioni si cha Kenya peke yake. Ndicho cha Afrika Mashariki nzima, Uganda ikiwemo. Mtoto wa Tororo hapa kwetu ana ini kama la mtoto wa Nakuru kule Kenya.

Samaki walitufundisha somo hili mapema zaidi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria, baada ya habari kwamba kuna wavuvi wanaovua kwa kumwaga sumu ya wadudu majini. Viwanda vya minofu vilisimama, watu wakakosa kazi, familia za mialoni, kule boti za wavuvi zinakoshusha samaki, zikalala njaa. Na serikali ilifanya nini? Ilifanya kazi, na niisifu kwa hilo. Wakaguzi wakawekwa, mialo ikatengenezwa, maabara zikaandaliwa, na mwaka 2000 soko likafunguka tena. Kwa hiyo uwezo upo. Tulipotakiwa tumpime sangara ili Mzungu amle kwa amani, tulimpima. Minofu ile inapanda ndege ikiwa na karatasi zake zote. Sisi tunabaki na mgongo wazi, ile mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, unaokaangwa kando ya barabara bila mtu yeyote kuuliza mafuta yale yamekaangia mara ngapi.

Hili ndilo lililonileta hapa leo. Kile kipimo tunachompa mlaji wa Ulaya, mlaji wa Busia naye anastahili. Hana fedha za kutukatia soko kama Ulaya, hawezi kusimamisha viwanda, lakini anakula kwa tumbo lile lile.

Kwa ajili ya wale wasioujua utaratibu, nieleze kwa kifupi. Tangu 2013 Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, lina mpango wa kukagua bidhaa huko huko zinakotoka kabla hazijapakiwa. Kampuni iliyopewa kazi inakagua, inatoa cheti, na mzigo ukifika mpakani bila cheti unapaswa kukaguliwa hapa kwa gharama ya mwenye mzigo. Bidhaa za nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zenye alama ya ubora ya Kenya au Tanzania tunatakiwa kuzipokea kama zetu, na zetu wazipokee kama zao. Kituo chetu cha pamoja hapa Busia kilizinduliwa Februari 2018, na kwa malori makubwa mambo yamekuwa mepesi. Mama mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 anapata cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Hilo ni jambo jema, limewatoa akina mama wengi kwenye usumbufu. Lakini kile cheti ni cha ushuru. Kinasema bidhaa imetoka wapi, hakisemi kama ni salama.

Na sote tunajua kuna njia za panya. Usiku baiskeli zinapita, mafuta kwenye majerikeni, sukari, maziwa ya unga, unga, dawa. Sitamtaja mtu na sikuja kushtaki vijana wanaotafuta ada za wadogo zao. Nasema tu kwamba chakula kilichopita gizani hakuna mashine duniani itakayokipima.

Sasa tuingie dukani, maana huku ndiko ninakokujua kuliko mpakani, na naamini huku ndiko mambo yanakoharibikia zaidi.

Wengi wetu hatununui chakula cha nje kikiwa kwenye mfuko wake. Tunanunua cha kupima. Chukueni maziwa ya unga. Yanakuja kwenye mfuko wa karatasi wa kilo 25, wenye plastiki ndani. Juu ya ule mfuko kuna jina la kiwanda, nchi, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho, namba ya toleo, yaani ya fungu lililotengenezwa kwa pamoja, na maelezo kwamba yawekwe mahali pakavu pasipo joto. Muuzaji anakata mdomo wa mfuko, anachota kwa kijiko, anafunga kwenye vikavera, vile vifuko vya plastiki, vya robo na nusu, anavipanga mezani juani. Kuanzia hapo chakula kile hakina baba wala mama. Mfuko mtupu unauzwa jioni. Mteja akiugua kesho, kilichobaki mkononi mwake ni kikavera kisicho na neno hata moja.

Ile namba ya toleo ambayo hatuijali ndiyo inayookoa watu. Aprili 2022 kiwanda kimoja cha chokoleti nchini Ubelgiji kilikutwa na vimelea vya salmonela, na bidhaa zake zilikuwa zimeshasambazwa katika nchi zisizopungua 113. Nchi zilizoweza kuzirudisha haraka ziliweza kwa sababu duka lilijua toleo gani limeuzwa. Siku tangazo la namna hiyo likihusu maziwa yaliyo Busia, tutayatafutaje? Tutaenda kwa kila mama mwenye vikavera tumuulize vilitoka mfuko gani?

Kuna jambo la pili ambalo nimelishika kwa mikono yangu. Msambazaji mmoja aliniletea katoni za nyanya za kopo kwa bei ambayo ilinishangaza. Nikatoa kopo moja nikalipeleka mlangoni kwenye mwanga. Ukilielekeza sawasawa, chini ya tarehe unaona kivuli cha namba nyingine, kama maandishi ya ubao uliofutwa vibaya. Ukipitisha kidole, pale rangi ya kopo imekwaruzika kidogo, sehemu nyingine zote ni laini. Ukinusa, harufu ya thina. Nikayakataa yote. Lakini alipakia katoni zake akaondoka, na mimi najua kwamba kabla jua halijazama alikuwa ameshapata wa kuyanunua. Mjifunze kuliangalia kopo namna hiyo. Na kopo lililovimba lisifunguliwe hata kwa kuonja, kwa sababu kilicholivimbisha ni gesi ya vijidudu, na baadhi yao wanatoa sumu inayopooza mwili na kukata pumzi.

Mama mmoja aliniambia: Hajati, maskini hawezi kuchagua tarehe, anachagua bei. Nimelifikiria sana neno lile. Ni kweli anachagua bei. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba usalama uwe ni kitu kinachouzwa kwenye supamaketi ya Kampala, na sisi wengine tupewe kilichokataliwa huko. Mwenye fedha kidogo ndiye anayepaswa kulindwa kwanza, maana akiugua hana akiba ya hospitali.

Wafanyabiashara wenzangu, ninachowaomba hakihitaji mtaji. Mfuko mama usitupwe mpaka kilichokuwa ndani kiishe chote, na usimame pale mteja anapouona. Ukipima kwenye kikavera, andika kwa kalamu ya wino mzito tarehe ya mwisho na namba ya toleo. Unga usilale na sabuni wala mafuta ya taa. Wenye stoo za nafaka, vile vidonge vya kufukizia wadudu vinatoa gesi inayoua. Mtu asilale humo, na gunia lisifunguliwe kabla ya siku zilizoandikwa kwenye dawa hazijaisha. Mahindi yapimwe unyevu, yasizidi asilimia 13.5. Wengine mnang'ata punje kwa jino na kusikiliza mlio. Jino la mzee mwenye uzoefu linasaidia, lakini halioni sumukuvu.

Wanunuzi, ulizeni. Mkiuliza wengi, muuzaji atazoea kujibu. Na mkiugua baada ya kula, ile tabia ya kumwaga mabaki na kuosha sufuria haraka kwa aibu iacheni. Funga kilichobaki pamoja na mfuko wake, nenda navyo kituo cha afya. Kule Karamoja chanzo kilijulikana kwa sababu kulikuwa na unga wa kupeleka maabara.

Kwenu viongozi. Sheria yetu ya chakula na dawa ni ya 1959, imeandikwa kabla ya uhuru. Tangu hapo kazi imegawanywa: viwango ni kwa UNBS, mazao na mifugo ni kwa Wizara ya Kilimo, afya ya jamii ni kwa Wizara ya Afya, soko ni la manispaa. Mwananchi akikuta maziwa mabaya anazungushwa ofisi hadi ofisi mpaka anachoka. Tunaomba mlango mmoja wa kupeleka malalamiko hapa mjini, na mtu mmoja anayewajibika kujibu. Tunaomba pia matokeo ya vipimo yabandikwe sokoni, kwa Kiswahili, kwa Kisamia na kwa Luganda, yakitaja bidhaa, toleo na kilichokutwa. Matokeo yanayofungiwa kwenye faili ndiyo yanayozaa video za mchele wa plastiki, kwa sababu mtu asiyepewa habari atajitengenezea yake.

Mwenyekiti, namalizia kwa kumgeukia ndugu yetu afisa wa viwango, ambaye nimefurahi sana kumwona amekaa mbele kabisa. Nina swali moja kwako, kaka yangu, na nimeona heri niliulize mbele ya watu wote. Shehena ya chakula ikikataliwa hapa mpakani, inapelekwa wapi? Kama inateketezwa, inateketezwa mbele ya mashahidi gani, na sisi tunaweza kuchagua watu wawili, mfanyabiashara mmoja na mnunuzi mmoja, wawe wanaitwa kushuhudia kila mara? Karibu kipaza sauti utujibu.